Lenzi ya Bibi Marselina, Mshona Nyavu wa Lituhi

Wasikilizaji wapendwa, mlimwona. Msijitetee. Mwaka 2019 mlimwona Bibi Marselina akienda misani kwa kupapasa ukuta, mkageuza shingo. Mkasema, "Uzee huo." Mimi sijasahau.

Bibi Marselina, mshona nyavu wa Lituhi, tumemzika Alhamisi. Miaka arobaini nyavu zenu zilipita mikononi mwake. Tundu alilolifunga yeye, hata usipa, yule dagaa wa ziwa letu, hakutoka.

Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili lilitolewa mtoto wa jicho, likawekwa lenzi ya bandia. Likaona vizuri miaka minane. Kisha lenzi ikateleza. Narudia: lenzi iliteleza ndani ya jicho. Haukuwa uzee!

Jioni moja alitazama ziwani, akasema, "Leo yamezama majua mawili." Ufuko mzima ukacheka. "Bibi, umekunywa nini?"

Binti yake, Ida, hakucheka. Akampeleka hospitali ya mbali, siku mbili barabarani. Daktari akaikamata ile lenzi, akaishona kwenye ukuta wa jicho kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Ida anasimulia: "Jicho lilitiwa ganzi tu, mdomo haukutiwa. Mama akamwuliza daktari, 'Mwanangu, fundo umelificha? Fundo likikaa nje hukwaruza.' Akasema, 'Nimelizika ndani, mama.' Mama akamjibu, 'Basi wewe ni fundi. Endelea.'"

Miezi miwili baadaye alikaa ufukweni, akatunga uzi kwenye sindano mbele ya wale wale waliomcheka. "Haya, nileteeni majua yenu niyahesabu!"

Tangu hapo, kila aliyepasuliwa jicho kisha ukungu ukamrudia, Bibi alimshika mkono akampeleka mwenyewe. Watu kumi na mmoja, kutoka Mbaha hadi Maguu kwenye mashamba ya kahawa. Mshona nyavu huyo! Hakuwa na cheo wala gari.

Wa kumi na mbili angeondoka naye Jumatatu hii. Ni Mzee Bernadi, jirani yake. Lenzi yake imeteleza vilevile. Barua ya rufaa anayo, mfuko ameshaufunga. Mtu wa kumshika mkono hana. Aliniambia, "Nimemzika Marselina, kaburi lake sikuliona."

Ida, pole mwanangu. Poleni ukoo mzima. Mmetuzalia mtu.

Nanyi wengine, tafakarini, lakini mtafakari mkiwa njiani. Wewe uliye Lituhi, zima redio sasa hivi. Nenda kwa Mzee Bernadi, piga hodi, umwambie: "Shikamoo, babu. Jumatatu tunaondoka wote."