Bahasha ya Jumanne ya Otilda Frías

Padri Anselmo, majirani wa Loma Larga, mafundi wenzake wa sindano, na ninyi mliopanda kutoka Las Tablas na jua hili, ukoo wa Frías unawashukuru kwa kufika, na unaomba mvumilie karatasi hii, inayosomwa na mdogo wake marehemu, Belisario, ambaye humu ndani ataitwa kwa jina kama watu wengine, kwa kuwa marehemu ndiye aliyeagiza isomwe hivyo.

Otilda Frías Barahona alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1961 hapa hapa Loma Larga, mtoto wa kwanza wa marehemu Toribio na marehemu Casilda, mvua ikiwa imekata njia, mkunga akavushwa mto mgongoni mwa fahali, jambo ambalo Belisario amelisimulia miaka yote kana kwamba kamba ya fahali yule aliishika yeye, ingawa alizaliwa miaka tisa baadaye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza darasa la sita mwaka 1973 akiwa wa kwanza, akaingia sekondari Las Tablas, lakini tarehe 3 Agosti 1976 mama yao alifariki, naye Otilda, mwenye miaka kumi na minne, akakunja sare yake, akaifungia sandukuni, akarudi kumlea Belisario wa miaka sita, aliyekuwa hapati usingizi mpaka ashike kidole chake, hivyo mnapomsikia Belisario akijigamba kwamba alimshika fahali mkia pale Macaracas mbele ya halaiki, jueni kwamba hata suruali aliyovaa siku ile alishonewa na dada.

Mwaka 1978 alianza kazi ya kushona pollera, magauni mapana ya sherehe yanayotariziwa kwa mkono, na malkia wawili wa kanivali walipita barabarani ndani ya kazi ya mikono yake, kila gauni likiwa limemla mwaka mzima, na mshono uliokosewa aliuona kutoka ng'ambo ya barabara, akamwita mwenye gauni, akaufumua hapo hapo, wala hakuomba radhi.

Tarehe 21 Januari 1984 alifunga ndoa na Nicanor Broce, wakajaliwa Migdalia mwaka 1985 na Rolando mwaka 1988, kisha mwaka 1993 Nicanor akaenda Changuinola kwenye mashamba ya ndizi, akiahidi kurudi kanivali, ila hakusema kanivali ya mwaka gani, na huko akafungua nyumba nyingine, naye Otilda hakumlaani, alisema tu kwamba mwanamume mmoja wa kumtegemea anatosha, na huyo alikwisha mlea mwenyewe.

Jumatano tarehe 4 Machi 2020 alikwenda kituo cha afya kupimwa mlango wa kizazi, na kabla majibu hayajarudi, ugonjwa ule wa korona ukaingia nchini, manesi wakahamishiwa kwa wanaokosa pumzi, na mlangoni likabandikwa tangazo kwamba shughuli za wanawake zisizo za dharura zingoje, na majibu ya vipimo vilivyokwisha chukuliwa yatatolewa dirishani kila Jumanne, na nani aliichagua Jumanne hatujui mpaka leo, ila hakuwa mtu wa kuvaa sketi, kwa maana mnakumbuka kwamba siku zile wanawake walikuwa wamepangiwa kutoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mwanamke aliyeonekana barabarani Jumanne alipigwa faini, na wanawake walipopiga simu kituoni kuuliza, wakaambiwa karani yuko siku hiyo tu, watume wanaume.

Jumanne tarehe 19 Mei 2020 Otilda alimtuma Belisario, akampa kitambulisho chake na kijikaratasi, naye akasimama kwenye foleni ya wanaume watupu, mita mbili mbili, na kwa sababu ya barakoa na kile kioo ilibidi kila mmoja apaze sauti kutaja kipimo na kutaja ni cha mwanamke gani, na walipobaki wawili mbele yake, Efraín muuza nyama akamwita kutoka nyuma, "Beli, mshika fahali, tumbo lako limefika mwezi wa ngapi?" na foleni nzima ikacheka, na Belisario, ambaye fahali hakumtisha, akatoka kwenye mstari, akanunua mkate, akarudi mpaka kwenye ua wa dada yake, akasema, "Safi kabisa, dada, karani kaisoma mbele yangu, na amekusifu."

Otilda, aliyekuwa akiona mshono mbaya ng'ambo ya barabara, hakuuona huu, akajipiga ishara ya msalaba, akampitishia bakuli la supu ya sancocho juu ya ua, naye Belisario akala, akaongezwa, huku akijiambia kwamba tangazo lenyewe limesema si dharura.

Mwezi Agosti 2021 alianza kutoka damu, akawaambia watu wasihangaike, kipimo chake kilikuwa safi, ni umri tu, mpaka tarehe 11 Oktoba 2021 kliniki ya wanawake ilipofunguliwa, na nesi Deyanira Cedeño akavuta droo, akaitoa bahasha yenye jina lake, gundi haijaguswa, na alipoulizwa ni nani alimwambia kwamba ni safi, Otilda akajibu kwamba labda alisikia vibaya, akapelekwa hospitali jijini Panama, akapata mionzi na dawa, akarudi, akaenda tena, na kote huko alikofika aliambiwa kwamba amechelewa.

Jumapili tarehe 28 Mei 2023 alimwita Belisario kitandani, akamwekea bahasha mkononi, akasema, "Nimekaa nayo mwaka na nusu nikingoja uniambie mwenyewe. Nicanor alikuwa mtu wa kuja, na wale wa dirishani hawakunijua. Wewe nilikulea, Beli. Siku ya kunizika utasoma wewe, maana kusimulia unajua, na hii uisome."

Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja, na ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na pollera moja bila pindo.

Ukoo unawashukuru madaktari na manesi wa jijini, nesi Deyanira aliyeifungua ile droo, majirani waliopika, na mafundi waliokaa naye zamu kwa zamu wakishona kando ya kitanda, lakini waliobandika lile tangazo hauwashukuru, na Belisario naye haumshukuru.

Bahasha ndiyo hii, na ndani yake imeandikwa, "Otilda Frías Barahona, arudi kituoni ndani ya siku thelathini."

Ujumbe wako umefika, dada, umechelewa miaka mitatu, na aliyeuleta ni yule yule uliyemtuma. Pumzika.