Mama Zima-Washa Anakabidhi Simu

Ukifungua bomba asubuhi na maji yakatoka, jua yamepita kwangu kwanza. Mimi ndiye mwendesha pampu wa bondeni, na siku nikishikwa na mafua mji mzima unanawa kwa mate. Kwa hiyo meneja alipotafuta mtu wa kuandika habari za dada yetu wa kompyuta hakuhangaika. Alisema, "Mwiteni Mjomba, yule maneno hayamwishii." Shule niliiacha mapema, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini kalamu haijawahi kunishinda.

Dada huyu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia mamlaka yetu ya maji miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa mpokea simu pale mapokezi, sauti yake nyororo kiasi kwamba wateja waliokuja juu kwa sababu ya bili walikata simu wakiwa wameomba radhi wao. Zilipokuja kompyuta, alisoma masomo ya jioni, watoto wawili nyumbani wanamsubiri, mpaka akapata cheti na kukabidhiwa idara. Idara yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa yeye, meza moja, na feni iliyokuwa ikilalamika kuliko wateja.

Jina la Mama Zima-Washa tulimpa sisi. Ukimpigia kumwambia kompyuta imeganda, anakuuliza maswali matatu, na hayabadiliki hata uwe nani. Taa ya kijani inawaka? Umegusa nini? Sasa niambie ukweli, umegusa nini? Siku moja alimfufulia mhasibu kompyuta yake akiwa kwenye foleni ya kliniki, mjukuu begani, simu kaibana kwa shavu. Swali la pili mhasibu alijibu hajagusa kitu. La tatu akajibu, "Chai kidogo."

Lakini deni langu kwake liko mlimani. Juu ya mlima kuna tangi kuu, na kando yake chumba kidogo chenye kompyuta inayoziamuru pampu zangu: tangi likipungua ziwake, likijaa zitulie. Kompyuta ile ikiganda, pampu zinanyamaza, na wa kwanza kukosa maji ni hospitali, wodi ya wazazi. Dawa yake ilikuwa kuizima na kuiwasha, na wa kupanda kuizima nilikuwa mimi. Nimeupanda mlima ule mpaka nyoka wa pale wananijua kwa hatua na kunipisha njia. Ila magoti hayasikii sifa, na dada aliniona nikishuka ngazi za ofisi kinyumenyume. Akasema, "Mjomba, wewe hutapanda tena. Ngoja nitafute namna."

Namna yenyewe ni swichi ndogo yenye laini ya simu ndani yake. Ukiipigia inakata umeme wa kompyuta, inangoja kidogo, inaurudisha, basi. Aliiomba kwa meneja mwaka mzima. Meneja alikubali kwa shingo upande, na dada akaiacha iitikie simu yoyote, ili aliye zamu aweze kuipigia popote alipo. Kwa miezi miwili tuliishi kama wafalme. Mlimani hakuna aliyepanda isipokuwa mbuzi.

Kisha mambo yakageuka. Kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe, mara asubuhi, mara mchana, Jumamosi ndiyo usiseme. Pampu zikawa zinashtuka na kulala. Mimi nilitoa maoni ya kitaalamu kwamba kuna popo amejenga ndani, mwenzangu wa zamu akasema ni wivu wa kompyuta ya zamani. Dada alibadilisha nyaya, akabadilisha kifaa cha umeme wa akiba, yaani lile betri kubwa la chini ya meza, akafuta na kupanga upya kila kilichokuwa ndani. Ikazimika vilevile. Hospitali wakaleta malalamiko, na safari hii hayakuishia mapokezi. Meneja akaita kikao na kusema mbele yetu sote kwamba ikifika Ijumaa bila utulivu, swichi itang'olewa, na aliyeileta atarudi kupokea simu. Dada alikusanya karatasi zake polepole, na mimi magoti yakaanza kuniuma nikiwa nimekaa.

Alhamisi tulipanda wote wawili. Aligeuza ndoo, akaketi mbele ya mashine, akaitazama kama mama anayemngoja mtoto aseme mwenyewe. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Ghafla swichi ikalia tik, kioo kikawa cheusi. Hakuna aliyegusa. Dada akaniuliza swali la tatu hata hivyo, kwa mazoea. Kisha binti wa mapokezi wa zamani akaamka ndani yake. Akasema, "Mjomba, hii haiumwi. Hii inapigiwa simu."

Akaitoa ile laini kwenye swichi, akaichomeka kwenye simu yake, tukangoja. Haikuchukua muda, simu ikaita. Alipopokea, sauti ya mama mmoja ilijaa chumba kizima.

"Afadhali umepokea, fundi. Kila nikikupigia inaita mara moja inakatika."

"Mama, hapa ni mamlaka ya maji."

"Mimi maji ninayo. Nataka kochi langu libadilishwe kitambaa."

"Na namba hii umeipata wapi, mama yangu?"

"Si iko ukutani hapo stendi, kubwa hivyo. Nyie mafundi mnaandika namba halafu mnajificha."

Tulishuka mpaka stendi. Bango kubwa la sabuni lilikuwa limeondolewa, na nyuma yake ukutani yalibaki maandishi ya rangi nyekundu: fundi makochi, kazi safi, piga namba hii. Fundi mwenyewe alishahama, laini yake ikafa, kampuni ya simu ikaiuza upya, na dada bila kujua akaenda kuinunua. Mji mzima uliokuwa na makochi yaliyochoka ulikuwa unatuzimia maji.

Tulinunua kopo la rangi nyeupe. Mimi nilishika ngazi, yeye akapaka, wapita njia wakiuliza kama fundi amefilisika. Jioni ile akaipa swichi laini mpya na kuifundisha kutii namba mbili tu, ya ofisi na yake. Ijumaa meneja alikuja bondeni, akasimama kwenye mngurumo wa pampu muda mrefu, akamwambia dada, "Haya, umeshinda." Dada akamwambia, "Hospitali ndiyo imeshinda." Kompyuta haijazimika yenyewe tangu siku hiyo, na mimi ngazi za ofisi nashuka kwa mbele kama watu wengine.

Dada, kwa niaba ya pampu, hospitali, na magoti haya mawili, ahsante sana. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke, simu yako iite kwa habari za wajukuu tu.

Nimebakiza jambo moja. Mwezi huu dada aliitoa namba yake kwenye swichi na kuweka yangu, nami nimetangaza kila ofisi kwamba mlima sasa nauendesha kwa kidole. Jumanne iliyopita pampu zilinyamaza. Namba ya swichi ninayo, nimeihifadhi vizuri kabisa. Nilimpigia yeye. Akauliza kama taa ya kijani inawaka, akauliza nimegusa nini, kisha akauliza ukweli. Nikamwambia ukweli ni kwamba naogopa kuipiga ile namba peke yangu. Alicheka, akasema, "Piga, Mjomba, nakungoja hapahapa." Nikaazima simu ya mwenzangu wa zamu ili nisimkate, nikaipiga, na mara mbili haikuitikia, maana namba inayoruhusiwa ni ya simu yangu, ile niliyokuwa nimeishikilia sikioni.