Tembe Nilizoacha Bila Kumwambia Mtu

Mwenyekiti, asante. Naomba nisisimame. Magoti yamenikatalia leo asubuhi, na nikisimama mtaanza kuniangalia miguu badala ya kunisikiliza. Nitaongea nikiwa kwa kiti, na nyinyi wa nyuma mkikosa kunisikia mseme.

Wageni wa kikundi chetu hiki cha wagonjwa, hamnijui. Mimi ni mkulima wa kule Endebess, mambo yangu ni mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nimeolewa na mtu wa Bungoma, karibu na Kibabii. Nina ugonjwa wa viungo, ule ambao kinga ya mwili badala ya kupigana na vijidudu inageuka na kupiga viungo vyako mwenyewe. Nimeombwa nitoe ushuhuda wa kupona. Nawaambia mapema, ndugu zangu: sijapona. Kama ulikuja kwa ajili ya muujiza, vumilia tu, chai iko njiani.

Ugonjwa ulianza na vidole. Nilikuwa nakamua ng'ombe watatu kwa mkono kila asubuhi, halafu siku moja vidole vikakataa kukunja. Nikadhani ni baridi ya mlima. Vikafura, vikawa moto, mpaka nikashindwa kufunga kifungo cha blausi. Mzee wangu, mume wangu, ndiye alikuwa ananivalisha. Mkono wake ni wa jembe, kifungo kimoja dakika nzima, na mimi nimesimama hapo kama mtoto wa nasari, machozi yananitoka. Sikuwa nalia uchungu, nilikuwa nalia aibu.

Hospitali walinipima wakanipa tembe aina mbili. Moja ya kumeza mara moja kwa wiki, na nyingine ndogo, nyeupe, ya kila asubuhi. Nikapata nafuu, nikarudi kukamua. Lakini ile ya wiki ilinichafua roho siku mbili nzima kila nilipoimeza. Kutapika, vidonda kwa mdomo, hata harufu ya chai sikuitaka. Siku ya kliniki nakuta foleni imefika nje. Daktari ananiuliza, "Unaendeleaje?" Nasema, "Vizuri." Anaandika. Basi. Sasa mtu mwenye haraka hivyo utamwanzia wapi habari za kutapika?

Hapo jirani akaniambia kuna kliniki ya kibinafsi hapa Kitale, matibabu yao kwa Kizungu yanaitwa functional medicine. Ati hawatibu dalili, wanatafuta chanzo. Nikaenda. Ndugu zangu, mama anayetibu pale aliniketisha saa nzima! Aliniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nimewahi kufiwa na nani. Nikamweleza habari za mtoto wangu aliyefariki, kitu ambacho hospitali hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Nikalia, akanipa kitambaa. Angeniambia siku hiyo nile mawe, ningekula mawe.

Akanipa orodha. Sukari, toka. Ngano, toka. Ugali wa mahindi, toka. Maziwa, toka kabisa, ati ndiyo yanawasha moto ndani ya mwili. Mimi, mama wa ng'ombe! Nikawa nakamua asubuhi, nauzia majirani, na moyoni najiuliza kama ninawauzia sumu. Halafu zikaja chupa za vidonge na unga wa mizizi, mpaka zikafika kumi na moja pale mezani.

Mnajua kwetu kulivyo. Nilienda Kibabii kusalimia wakwe na mkebe wangu wa viazi vitamu na mboga. Mama mkwe alikuwa amenichinjia kuku, ugali unatoa moshi. Aliangalia ule mkebe, akaangalia kuku wake. Aliinua sahani akairudisha jikoni, nikamsikia akimwambia mtu huko ndani, "Anafikiri nitamwekea kitu kwa chakula." Miaka thelathini tumekula pamoja na huyo mama! Nilitaka kueleza, lakini utaelezaje kwamba kuna mtu Kitale amesema ugali ni adui yako? Nilikula viazi vyangu. Mpaka leo mambo hayo hayajatengenezeka vizuri.

Sasa nifike kwa kosa langu, na hapa sitaki kumsingizia mtu. Yule mama wa kliniki hakuniambia niache tembe. Alisema, "Mwili ukipata nguvu, utazipunguza pamoja na daktari wako." Ndivyo alisema. Mimi nikashika neno kupunguza, daktari nikamwacha barabarani. Nikaacha ile tembe ya wiki, kimya kimya, hata mzee wangu hakujua.

Na bana, nikajisikia vizuri! Kutapika kukaisha, nikala, nikalala. Vidole havikuuma sana. Nikasimama kanisani kwetu nikashuhudia kwamba chanzo kimepatikana, nikapigiwa makofi. Kuna dada mmoja mwenye ugonjwa kama wangu alinifuata nje akiniuliza, nami nikampeleka kwa ile kliniki mwenyewe, nimemshika mkono.

Wiki chache baadaye nikajiambia, hata hizi nyeupe ni za nini tena? Nikaziacha nazo kwa mpigo mmoja.

Siku ya tatu nguvu zikaanza kuisha. Ya sita, kukaa kitandani ni kazi. Viungo vyote vikawaka, hata taya. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mzee wangu akiwa ameenda Kachibora sokoni, nilijaribu kuamka nikaanguka katikati ya kitanda na ukuta. Simu iko juu ya kitanda, mimi niko chini. Aliyekuwa nyumbani ni baba mkwe peke yake. Alikuwa amekuja kutoka Bungoma kututembelea, ameketi nje kwenye kibaraza.

Nyinyi mlioolewa kwa Wabukusu mnajua. Baba mkwe hamshiki mkono mke wa mtoto wake, na chumba anacholala huyo mke haingii.

Akaja nyuma ya dirisha. "Mama, ni nini imeanguka?"

"Ni mimi, baba."

"Si uinuke basi."

"Siwezi."

"Jaribu tena, mama."

Nikajaribu. Mkono haukunibeba hata kidogo. Nikatapika hapo hapo. "Siwezi, baba."

Nikamsikia akienda kuita majirani. Watu wote walikuwa mbali wanavuna. Aliita upande huu, akaita upande ule, sauti ya uzee inakatika. Akarudi dirishani. Tukakaa hivyo, yeye nje, mimi ndani, na hakuna mmoja wetu ambaye angeweza kumfanyia mwenzake chochote. Nilikuwa namsikia akipumua. Nilijiambia, leo ninakufa, na ninakufa kwa ujinga wangu, halafu nimemwekea mzee wa watu mzigo ambao hajui ataupeleka wapi.

Mwishowe akasema, "Mama, naingia. Unisamehe."

Aliingia akiangalia ukuta. Alinifunika blanketi uso wake ukiwa umegeuka, akaniinua, mtu wa zaidi ya miaka sabini. Akaniweka kitandani, akachukua simu, akamtafuta mtu mwenye gari. Halafu akachukua kikapu akasukumia ndani kila kitu kilichokuwa mezani, hakuchagua. Alisema, "Daktari ataona mwenyewe."

Hospitali nilitundikiwa maji. Daktari, msichana wa umri wa kifungua mimba wangu, akamwaga kile kikapu kwenye kitanda. Akasoma chupa moja moja. Chini kabisa akakuta pakiti zangu za tembe, hazijafunguliwa. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Hizi nyeupe uliacha lini?"

"Siku tisa."

"Na zile za wiki?"

Nikaangalia dirisha. "Hizo ni kitambo. Zilikuwa zinanitapisha."

Akanieleza pole pole. Zile za wiki ndizo zilizokuwa zinazuia ugonjwa. Nilipoziacha nilijisikia mzima kwa sababu zile ndogo nyeupe zilikuwa bado zinanibeba. Mwili ukishazizoea haziachwi ghafla, zinapunguzwa kidogo kidogo, la sivyo mtu anazima kama taa. Nilikuwa karibu kuzima.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ile kliniki ni uongo?"

"Si yote," akasema. "Kulala, kutembea, mboga, kupunguza sukari, endelea nayo, yanakusaidia. Kukusikiliza saa nzima, hata mimi ningetaka, lakini si unaona hiyo foleni? Lakini kwamba ugali na maziwa ndiyo yamekuletea huu ugonjwa, hilo sijaona likithibitishwa. Na hizi chupa, zingine sijui ndani kuna nini. Hakuna mtu amenionyesha zinaweza kuchukua mahali pa tembe." Akarudisha chupa kikapuni. "Na kutapika, mbona hukusema? Kuna dawa ya kupunguza hiyo."

Ndugu zangu, miezi yote ile nilihitaji kusema neno moja tu kwa daktari, na sikulisema.

Sasa niko kwa tembe. Natembea, nakula mboga, nakunywa chai ya maziwa kikombe kimoja bila kuomba msamaha. Lakini vidole hivi viwili vya mkono wa kulia, mnaviona, havitanyooka tena. Daktari amesema viungo viliharibika wakati ule. Kukamua nimeachia mzee wangu. Asubuhi nasikia maziwa yakilia kwa ndoo nikiwa bado kitandani, na ninaona uchungu, siwafichi.

Namshukuru baba mkwe. Yale mambo ya mila ya kusafisha kosa lake la kuingia chumbani mwangu yalifanywa na wenyewe huko Bungoma, si yangu kusimulia, lakini yeye alilibeba kwa ajili yangu. Namshukuru yule daktari. Namshukuru mzee wangu, ambaye bado ananifunga vifungo. Funzo langu ni dogo: nenda popote unaposikilizwa, jaribu chakula unachotaka, lakini usiache dawa kabla ya kumwambia aliyekupa. Ukiona haya, tafuta mtu akusemee.

Nimalizie. Yule dada niliyempeleka kliniki, yeye pia ameacha tembe zake. Anasema anaendelea vizuri. Nimemfuata kwake mara tatu, mara ya tatu hakufungua mlango. Yuko hapa ndani leo, na sitamtaja.

Dada, ulinisikia nikishuhudia ukaniamini. Nilikosea. Sina nguvu ya kukulazimisha, hata mkono wa kukushika vizuri sina. Kliniki ya viungo ni Alhamisi. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimeketi pale kwa geti la hospitali, na Alhamisi itakayofuata, na ile nyingine. Mimi nitakuwa nakungoja.