Barua Aliyoisahihisha Mwalimu Huenda

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya karakana ya viatu ya baba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mimi ni kitinda mimba, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa makofi machache.

Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1973, akafundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika darasa lile lile la mwisho wa korido. Kila Januari wanafunzi waliandika wanachotarajia mwaka huo. “Will” ilikuwa ya mwenye uhakika, “should” ya mwenye matumaini, “might”, yaani huenda, ya mwenye kubahatisha. Aliyeandika kwamba atafaulu alikutana na kalamu nyekundu: “Nani kakwambia? Andika huenda!” Wakambatiza Mwalimu Huenda, naye jina akalipenda.

Alifunga ndoa na fundi saa tarehe 12 Agosti 1978. Mumewe alimtangulia mwaka 1990, akamwachia mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 2001 kijana huyo alikwenda kufanya kazi migodini. Ili kumfurahisha mama, aliandika barua kwa Kiingereza: Desemba atarudi, tena kwa “will”. Marehemu dada, kwa mkono uliozoea, alilikata neno hilo, akaandika “might” juu yake, akairudisha barua kwa posta. Alinisimulia akicheka. Desemba ikapita, na hakuna barua nyingine iliyokuja. Kalamu nyekundu hakuishika tena darasani. Mitihani aliisahihisha kwa penseli.

Alipostaafu mwaka 2007, alikaa sebuleni akitazama mlango. Mara nyingine aliitikia, “Karibu, mwanangu,” nami sikusikia hodi.

“Dada, hakuna mtu.”

“Najua. Lakini kagonga.”

Nakiri niliogopa kumtembelea.

Aliugua moyo tangu Juni, akafariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Juma moja kabla, aliniamuru nimsomee rasimu ya wasifu huu. Nilikuwa nimeandika kwamba ameacha mtoto ambaye huenda yu hai. Akaomba kalamu nyekundu. Akaikata “huenda” na yote yaliyofuata, akaandika neno moja.

Ameacha wadogo wawili, wajukuu wao saba, na mtoto mmoja wa kiume. Atakuja.

Dada yetu apumzike sasa. Hodi ikipigwa, tutaitikia sisi.