Vua Buti, Bosi

CHIRIKU: Haloo! Nani huyo? Namba siijui.

BABA: Ni mimi.

CHIRIKU: Mimi nani? Sema haraka, tunaitwa muda wowote.

BABA: Mimi niliyekuita Chiriku kwa sababu hujanyamaza tangu utoke tumboni. Au umepata baba mwingine huko?

CHIRIKU: Baba! Shikamoo, baba.

BABA: Marahaba. Simu ya kinyozi hii, yangu imegoma. Salio lenyewe la huruma, kwa hiyo usinizungushe. Uko wapi?

CHIRIKU: Niko kazini.

BABA: Kazi gani? Cherehani sizisikii. Nasikia ngoma.

CHIRIKU: Nani kakwambia?

BABA: Kinyozi. Kakuona kwenye simu yake, umepanda juu ya meza unaimba, na watu wanakuitikia. Nikamwambia huyo si wangu, wangu anashona sare za shule. Kaniacha na nusu kichwa hapa, anacheka.

CHIRIKU: Ningekuambia, baba. Nilitaka filamu iishe kwan—

BABA: Filamu ya kuimba.

CHIRIKU: Ya kuimba, ndiyo. Mwanzo mpaka mwisho. Na siyo nyimbo za kuokota, ni mpya zote, zimetungwa kwa ajili ya hadithi yenyewe. Bosi mwenye filamu anasema watu wamechoka na bunduki na ndoa za machozi, sasa wanataka—

BABA: Wakubwa ndio wanaojua watu wanataka nini. Siku zote. Tangu lini mtu akatupiwa vyombo nje, akasimama barabarani kuimba, na mwenye nyumba akamwitikia?

CHIRIKU: Ndiyo utamu wake! Mtu ana jambo halimtoshi mdomoni, analiimba. Akianza mmoja, wa pili anadakia, mara mtaa mzima. Wewe na mama si mlikuwa mnakwenda kuziona zile za zamani? Mama akirudi anaosha vyombo kwa wimbo wa—

BABA: Usimtaje.

CHIRIKU: Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Ulikuwa unamwitikia ukiwa mlangoni, na sauti yako kama mlango wenyewe.

BABA: Mtandao unakwaruza.

CHIRIKU: Haukwaruzi, baba.

BABA: Mbona sauti inatetemeka? Umelia?

CHIRIKU: Baridi tu. Leo tunapiga wimbo wa mvua. Wameleta gari la maji, linatumwagia tangu asubuhi, ua mzima ni dimbwi. Mimi ni mwimbaji wa baa, nimefukuzwa, naimba mara ya mwisho mvuani na wateja wote wanaitikia. Ungesikia, baba! Mwili unasisimka. Ila hii maiki [anacheka] inanitekenya midomo, nashindwa kulifunga neno la mwisho. Tumerudia mpaka—

BABA: Inafanya nini?

CHIRIKU: Maiki. Ya chuma, ya zamani, ile ya kusimama na waya wake. Bosi hataki tufumbue midomo tu juu ya kanda iliyorekodiwa, anataka sauti ya papo hapo. Ukiishika inatekenya, kama sisimizi wanakupita mkononi.

BABA: [kimya]

CHIRIKU: Baba? Umekatika?

BABA: Usiishike tena.

CHIRIKU: Ni kitu kidogo, hata wenz—

BABA: Umevaa nini miguuni?

CHIRIKU: Sijavaa. Mwimbaji kafukuzwa, kanyang'anywa mpaka viatu, ndiyo hadithi. Wote tuko pekupeku.

BABA: Fundi umeme yuko wapi?

CHIRIKU: Kaondoka. Alizima umeme mara mbili, akasema hataki kuona nyaya zinalala majini. Bosi akamwambia, basi nenda ukalale nazo kwako. Akakusanya vifaa vyake akaenda.

BABA: [kwa mtu wa pembeni] Subiri, bwana! Nusu kichwa hakiniui! [kwenye simu] Mwanangu, nisikilize. Mama yako alikufa na nini?

CHIRIKU: Moyo.

BABA: Nani alikwambia?

CHIRIKU: Wewe.

BABA: Na mimi niliambiwa na wao. Walikuja wakubwa watatu wa kazini kwake na tai zao, wakasema ni moyo. Mtu hukusoma, tai ikisema unaitikia ndiyo mzee. Moyo! Mwanamke alikuwa anabeba mashuka mabichi kutoka kwenye mashine mpaka kambani kutwa nzima, moyo gani uliokuwa mbovu?

CHIRIKU: Baba, unanitisha.

BABA: Jana yake alirudi kutoka kazini kufua, anavua kitambaa, akaniambia, mume wangu, ile mashine leo inanitekenya. Tukacheka, wote wawili.

CHIRIKU: Inamtekenya?

BABA: Asubuhi wenzake wakagoma kuigusa. Meneja akaja. Akaweka mkono juu ya mashine, paa! Akawageukia: "Mnaona? Wanawake mna visingizio." Wakaona haya. Mama yako akatangulia, ili wengine wafuate.

CHIRIKU: Lakini kama meneja aliishika na hakupata kit—

BABA: Ngoja nimalize.

CHIRIKU: Baba, bosi huyu hapa. [sauti inakwenda mbali] Naongea na baba yangu, bosi. Anasema hii maiki... Hapana, sigomi. Sijasema nagoma... [sauti inarudi] Baba. Ameishika.

BABA: Nani?

CHIRIKU: Bosi. Mbele ya watu wote, mikono miwili. Hana kitu! Anasema, "Unaona? Mwambie mzee alale usingizi." Watu wanacheka. Kweli, baba, hana kitu.

BABA: Amevaa nini miguuni?

CHIRIKU: Buti.

BABA: Buti gani?

CHIRIKU: Za mpira. Mpaka magotini.

BABA: Kama za yule meneja.

CHIRIKU: [Maji yanamwagika.]

BABA: Wao wana buti, mwanangu. Siku zote wao wana buti, halafu wanatushangaa sisi tunaogopa nini.

CHIRIKU: Wananiita. Wote wananitazama mimi. Nikikataa kuna msichana mwingine nyuma yangu, mtoto wa watu, anaujua wimbo wote. Atasimama yeye.

BABA: Basi mwambie avue.

CHIRIKU: Nini?

BABA: Avue buti, akanyage hayo maji, ndiyo ashike. Mwambie sasa hivi!

CHIRIKU: Namwambiaje bosi avue viatu mbele ya watu? Mdomo haufunguki, baba.

BABA: Haufunguki? Si umesema jambo lisipotosha mdomoni linaimbwa? Imba basi! Si ndiyo kazi uliyonificha?

CHIRIKU: [Anakohoa kidogo. Anaimba polepole.] Vua buti, bosi, vua... nasi pekupeku kwenye mvua...

BABA: Lo. Sauti ya mama yako hiyo.

CHIRIKU: [anaimba] Vua buti, bosi, vua... [ananong'ona] Wamedakia. Baba, wamedakia! Msusi, wapiga ngoma, hata dereva wa gari la maji. Unasikia?

BABA: Nasikia.

CHIRIKU: Wanapiga maji kwa miguu. Mimi nimenyamaza, wanaimba wenyewe.

BABA: Na yeye?

CHIRIKU: Anacheka. Anapiga makofi. Anamwambia mpiga picha asizime, eti hii ndiyo filamu aliyokuwa anaitafuta, eti sinema za kuimba zimefufuka leo... Baba, anavuta kiti.

BABA: Cha nini?

CHIRIKU: Amekaa. Anavua.

BABA: Anavua buti?

CHIRIKU: La kwanza hilo limetoka. Soksi amewarushia watu. Hajui, baba. Anadhani tunacheza.

BABA: Wenzake mama yako waliniambia hivyo hivyo. Alipoishika ile mashine, mwanzo walidhani anacheza.

CHIRIKU: Hukuwahi kuniambia.

BABA: Ningekuambia kwa mdomo gani?

CHIRIKU: La pili limetoka. Amesimama majini. Anakuja kwenye maiki, anacheza, na wimbo umepamba moto... Baba?

BABA: Ee.

CHIRIKU: Nimwache?

BABA: [Simu inalia: tii, tii. Salio linakwisha.]

CHIRIKU: Upo?

BABA: Nipo.

CHIRIKU: Nakuuliza wewe. Mwenye mke ni wewe. Sema neno moja.

BABA: [Tii.]

CHIRIKU: Amefika. Anainama kuwashukuru watu. Baba, sema!

BABA: Huyo mtu... ana watoto?

CHIRIKU: Binti mmoja. Yuko hapa, amemshikia baba yake mwavuli.

BABA: [tii, tii, tii] Mwanangu, chomoeni way—

CHIRIKU: Haloo? Umesema nini? Wimbo ni mkubwa, baba. Haloo? Haloo? [Simu imekatika.] Bosi! Bosi, mkono chini! Nyamazeni jamani, nyamazeni! Bosi—