Mzee Zedekia, Magurudumu ya Nyuma na Magunia Mawili ya Chumvi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Mkuu wetu Mzee Zedekia Maate anastaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Kasese na tawi lake la Bwera kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Naswiba wa stoo ya vipuri, niandike wasifu wake. Nadhani ni kwa sababu nimempa spana kwa miaka kumi na tisa, na ninajua ni zipi ambazo hajarudisha.

Mzee Zedekia alitoka kwao Kitswamba mwaka 1994, akaajiriwa kuziba pancha. Miaka minne baadaye alikuwa anafungua giaboksi za malori ambazo zamani zilipelekwa Kampala. Mwaka 2003 alitumwa kufungua tawi la Bwera akiwa na jeki mbili, sanduku la spana na turubai la kujikinga na mvua. Leo tawi hilo lina mafundi tisa, na wote wamepita mikononi mwake. Sylivia, anayeliongoza sasa, anasimulia kwamba wiki yake ya kwanza Mzee hakumruhusu kushika chochote. Alimwambia aweke sikio kwenye mpini wa bisibisi iliyoegemezwa kwenye injini, aisikilize mpaka imwambie inaumwa wapi. Sylivia alidhani anataniwa. Siku ya nne injini ikamwambia.

Ni mzee wa kanisa, anaimba sauti ya chini kabisa, na hunywa chai kwenye kifuniko cha themosi ingawa stoo ina vikombe vinane. Hajawahi kumtukana mteja. Magari ya wateja, hayo ndiyo aliyoyatukana, hasa yale yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele.

Hapo ndipo anapoingia Siraje, marehemu mume wangu, ambaye wengi wenu mlifanya naye kazi. Siraje alikuwa fundi wa injini, na alikuwa na Starlet ndogo nyeupe aliyoifunga tabo, ile ya kuiongezea injini nguvu, kwa mikono yake. Mzee alikuwa na Mark Two ya kijani, ambayo bado anayo. Injini za magari yote mawili ziko mbele, lakini nguvu ya Starlet inashuka kwenye magurudumu ya mbele hapo hapo, na ya Mark Two inasafiri kwa shafti ndefu chini ya sakafu mpaka nyuma. Kwa jambo hilo wanaume wawili wenye akili timamu walibishana kila siku saa ya chai, miaka kumi na saba.

Mzee alisema gari la mbio ni lazima lisukumwe. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma, magurudumu ya nyuma yanauma barabara, na ya mbele yanabaki huru kukata kona. "Usimupe mutu mumoja kazi mbili," alikuwa anasema. "Gurudumu ya mbele iko na usukani tayari. Unaiongezea na kuvuta, iko punda?"

Siraje alijibu kwamba uzito wa injini umeketi juu ya magurudumu ya mbele tangu asubuhi, hausubiri kurudi popote, na gari linalovutwa linafuata pua yake bila kutupa mkia. Kisha aliongeza lile neno lililomuudhi Mzee kuliko yote: "Mzee, nenda Mpondwe siku ya soko. Mbuzi wote wanavutwa kwa kamba. Jaribu kumsukuma mbuzi mpaka Bwera, tukuone."

"Mbuzi akikataa, si unamusukuma?"

"Akikataa, Mzee. Starlet haikatai."

Ndiyo maana tukawa na Jumamosi ya Mlima. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kwa ruhusa ya wenyeji, magari hayo mawili yalipanda barabara ya udongo kutoka Ibanda kwenda Nyakalengija, moja baada ya jingine, na fundi mwenzao Benon akishika saa. Aliyeshindwa alikunja suruali hadi magotini, akaliosha gari la mwenzake uani mbele ya wafanyakazi wote. Mimi niliandika matokeo ukutani stoo, kwa chaki. Miaka kumi na miwili ilipopita, ukuta ulisomeka: Nyuma 6, Mbele 6.

Leo naweza kusema jambo nililolinyamazia. Mzee alishinda kila mwaka wa vumbi, Siraje akashinda kila mwaka wa tope. Mvua ndiyo iliyokuwa inaamua, lakini sikutaka kuwaharibia chai yao.

Mzee naye aliijua mvua, akaitafutia dawa. Msimu wa tope aliweka magunia mawili ya chumvi ya Katwe kwenye buti la Mark Two, ili mkia uwe mzito na magurudumu ya nyuma yashike. Kwa gari lake dawa hiyo ina maana, ingawa haikutosha kuishinda Starlet. Mafundi wake wote wenye magari ya nyuma wanafanya hivyo, na kila Machi tunajua nani ni mwanafunzi wa Zedekia kwa kutazama kutu ya buti lake.

Siraje alifariki Aprili mwaka jana, tukamzika kwao Bwera. Desemba hatukwenda mlimani. Starlet ikakaa chini ya turubai nyuma ya stoo, na namba zile zikabaki ukutani sita kwa sita. Mwezi uliopita Benon, anayepokea kiti cha Mzee, aliniambia kwa upole kwamba stoo itapakwa rangi mpya. Sikumkatalia. Ila nilirudi nyumbani na wazo moja: Mzee akienda, hakuna mwingine aliyebaki wa kumaliza ubishi ule, na Siraje atakuwa amekufa bila kushinda wala kushindwa.

Hapa sasa naomba radhi kwa Mzee, kwa sababu nitasema jambo aliloniomba lisifike karakana.

Agosti mwaka jana, nilipomaliza eda kwa wakwe zangu, Mzee alikuja Bwera na mkewe Mama Yudesi kunirudisha kazini. Starlet ilikuwa huko, bondeni, na kutoka nyumbani hadi barabara kuu kuna mpando mmoja mkali wa udongo. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Kwa mapenzi mema kabisa, Mzee alifungua buti la Starlet na kupakia magunia mawili ya chumvi aliyokuja nayo. Miaka kumi na saba amebishana kuhusu gari hilo, na mikono yake bado ilikuwa inapakia Mark Two.

Tulifika katikati ya mpando. Chumvi ilikandamiza mkia, pua ikawa nyepesi, na magurudumu ya mbele yakazunguka bure yakiturushia tope hadi kwenye kioo. Mama Yudesi alishuka na viatu vyake vya kanisani, akatazama buti, akamtazama mumewe.

"Baba Musoki, gari ya kuvuta na mbele unaipakia chumvi nyuma? Unaenda kuipika?"

 Mzee alishusha magunia, akayabeba begani moja moja mpaka juu, akiwa ndani ya koti lake jeusi. Akarudi, akajaribu tena. Starlet ilipanda hatua kumi ikateleza. Hapo wote watatu tulijua dawa ya Siraje. Siraje alipokutana na mlima wa namna hiyo aligeuza gari, akapanda kwa rivasi. Uzito wa gari mlimani hulalia upande wa chini. Ukipanda kinyumenyume, upande wa chini ndio wenye magurudumu ya kuvuta. Mzee aliita jambo hilo kumpa mlima mgongo. Alikuwa ameapa saa ya chai, mbele ya mashahidi, kwamba hatalifanya maisha yake yote.

Alishuka taratibu mpaka bondeni. Akaligeuza gari. Akatoa kichwa dirishani, akapanda mlima wote kinyumenyume bila kuteleza hata mara moja, huku Mama Yudesi akitembea kando na viatu mkononi, akimwelekeza njia kama padri anavyoongoza maandamano.

Juu alizima injini. 

"Siraje alikuwa anasema kweli kidogo," alisema.

Nikamuuliza, "Kidogo kiasi gani, Mzee?"

"Kidogo ya kutosha. Mama Rehemah, hii isifike karakana," aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu.

Haikufika, mpaka Jumatatu ya wiki hii. Asubuhi hiyo mlimwona Mzee akitoa turubai, na wengi mlisema anamsaidia mjane kusafisha gari. Tazameni tena picha ambazo mwenzetu Ronah alipiga. Suruali imekunjwa hadi magotini. Amesimama katikati ya ua, mahali pale pale, na hakukubali mtu amshikie ndoo. Alipomaliza alikunja kitambaa cha buluu alichokiacha Siraje garini, akakirudisha juu ya dashibodi upande wa kulia kilipokuwa. Kisha akaja dirishani kwangu na kuweka kipande cha chaki mbele yangu.

"Andika," alisema. "Mulima ni mulima. Dereva alikuwa mimi, lakini gari ilikuwa yake."

Nikaandika: Mbele 7. Benon ameahidi kwamba rangi itapita pembeni ya ukuta huo.

Mzee Zedekia, asante kwa injini ulizotusikilizisha, kwa mafundi uliotuachia, na kwa kunifuata Bwera. Tunakuombea wewe na Mama Yudesi afya, mvua ya kiasi, na miaka mingi ya kunywa chai kwa kikombe. Spana namba kumi na saba ukiiona huko Kitswamba, irudi kwa basi lolote.

Zawadi ya wafanyakazi iko nje, nyuma ya Mark Two. Ni beberu mweupe kutoka soko la Mpondwe, na kamba yake iko shingoni. Ukifika naye nyumbani, tupigie simu utuambie umemvuta au umemsukuma. Kuna mtu angependa sana kujua.