Shamba la Usinge Nampa...

Siku hiyo kijiwe cha kahawa cha Isevya kiligeuka banda la video. Juu ya benchi ilikaa laptopu kuukuu ya Zablon, fundi wa kompyuta waliyembandika jina la Linux, ile programu ya bure, kwa kuwa hataki kusikia nyingine, na ndani yake ilizunguka DVD ya harusi ya Festo. Festo mwenyewe hata kahawa ilimshinda. Baba yake, mzee Luhende, alishazikwa, na shamba la Usinge alilitaja mara moja tu, kwenye hotuba ya harusi ile. Hakuna aliyemsikia, maana sahani zilikuwa zinagawiwa. Sasa Festo na kaka yake Gerson hawasalimiani kwa ajili ya shamba hilo, na picha inagoma palepale.

— "Shamba la Usinge nampa... nampa... nampa..."

— Mnaona? alisema Festo. Midomo imebana. Anataka kusema Festo!

— Hata jina la Gerson huanza hivyo, alidakia Lugembe, anayeitwa Profesa ingawa hajawahi kufundisha hata mbuzi. Tatizo hiyo Linux yenu. Cha bure hakikumalizii sentensi!

— Mashine usiitukane, Zablon alifoka.

— Ni mzee mwenyewe, alisema Raymundi, mstaafu wa reli. Kaikamata diski kutoka hukohuko.

— Kaburini?

— Kwani intaneti unaiona waya?

— Kisoma diski kimechoka, basi! alikata Zablon. Nainakili yote ndani ya mashine, tuichezeshe humohumo.

Wakingoja, waliisifu harusi: matarumbeta kutoka Nzega, pilau mpaka watu wakafunga kwenye mifuko. Festo akachekelea. Yeye ndiye aliyemng'ang'ania baba yake mpaka ikawa vile.

Zablon akabonyeza. Safari hii picha haikukwama hata kidogo.

— "Shamba la Usinge nampa pole anayelisubiri. Nimeliuza. Aliyelinunua atakuja kulichukua baada ya mavuno. Hela yake ndiyo hii mnayokula, wanangu, kuleni mshibe."

— Yesu na Maria! Raymundi alishika kichwa.

Kikombe cha Lugembe kilibaki hewani. Kwenye kioo, matarumbeta yalilia, na Festo wa siku ile alikuwa anacheza, kafumba macho kwa raha.

Mpita njia mmoja akasimama, akachungulia.

— Aisee, imefana! Harusi ya nani hii?